Maoni ya Chumba Nambari Nne

Karani wa kaunti kaweka jiwe juu ya karatasi
zisipeperushwe na feni ya darasa:
Mswada wa Leseni za Nyumba za Kupangisha.
Kila mwenye nyumba ajiandikishe. Kila chumba kikaguliwe.
Choo kimoja kisizidi watu wanane.
Nikacheka peke yangu. Kwetu Maweni
choo ni kimoja, nasi tu ishirini na watatu,
na hapo sijamhesabu mtoto wa Nyevu,
yeye bado anajisaidia beseni.

Nilikuja na maneno nimeyaandika nyuma ya risiti.
La, nasema uongo, risiti hatupewi.
Nyuma ya kalenda ya duka la simiti.
Niliandika: paa linavuja juu ya kitanda.
Mita ya stima moja, vyumba sita,
na anayepikia koili ni adui wa wote.
Kodi ilipanda Januari, ikapanda tena Juni,
kilichobadilika ni mlango,
ulikuwa kijani, sasa ni buluu.
Niliandika: mwuza viazi karai ana cheti cha afya ukutani,
mbwa wa Mtaliano kule Casuarina
ana kitabu chake cha chanjo;
nyumba inayobeba usingizi wetu
mbona haina hata kijikaratasi?

Bi Mwanamkuu akaja akaketi kando yangu.
Mwenye nyumba wangu. Akanipa peremende.
Akasimama kabla yangu:
"Mimi si kampuni. Marehemu alikanda mikate
miaka thelathini na mmoja hoteli ya ufukweni,
walipomwachisha wakampa bahasha,
bahasha ikawa mawe, mawe yakawa vyumba sita.
Mnataka elfu kumi kwa kila chumba.
Nitazitoa wapi? Nitazitoa kwa huyu."
Akanishika bega.
"Mkinikata mimi mkono, damu itamtoka yeye."

Wakili Mwagandi, wa maghorofa ya barabara ya Lamu,
hakuja. Alimtuma kijana mwenye tai
aliyesema kwa ufupi: "Sisi tunaunga mkono,"
akaketi, akarudia simu yake.
Hapo peremende ikanikwama.
Aliye na ghorofa nne haogopi leseni;
anangoja wa vyumba sita ashindwe
aje anunue kiwanja.

Mwaka hoteli zilipofungwa nilidaiwa miezi mitano.
Bi Mwanamkuu alifungua daftari, na kwenye jina langu
kila mwezi akaandika: Mungu anajua.
Ni yeye huyo huyo, shimo la choo lilipofurika
nikamwomba alete gari la kunyonya,
aliyenijibu: "Mlango uko wazi, mwanangu."
Nami nimeishi miaka tisa
kati ya daftari lile na mlango ule.
Huruma ni kitu kizuri. Lakini haina mhuri,
na ikichacha huwezi kuirudisha dukani.

"Jina?"
"Mbodze Jefwa. Chumba nambari nne."
"Unaunga mkono au unapinga?"
Karatasi yake ilikuwa na visanduku viwili tu.
Kalenda ikanitetemeka mkononi.
"Andika choo," nikasema. Watu wakacheka.
"Andika wa sita asilipe sawa na wa sitini.
Mkaguzi akija asije kuombea chai,
aje na ngazi, apande, aone mabati.
Na akisema nyumba hii haifai watu,
aseme na usiku ule watu walale wapi."
Karani akaandika neno moja,
akatia alama mahali. Sikuona ni kisanduku kipi.

Tukarudi kwa miguu, mimi na Bi Mwanamkuu,
tukipitia sokoni, akanunua bamia,
akalalamikia bei, nikamwunga mkono
bila masharti yoyote.
Ilikuwa tarehe tano. Mlangoni akageuka:
"Kodi."
"Paa," nikamjibu.
Akafungua bomba la uani, maji ya chumvi yakatoka,
akaosha miguu, mmoja, kisha wa pili,
akasogea pembeni
akaniachia bomba likiwa wazi.